Je, anayetoa mchango hurudishiwa pesa yake yote kupitia kodi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mmarekani akichangia shirika la hisani dola 10,000, serikali humfutia kodi ya dola 10,000. Kumbe ndiyo maana matajiri wanatoa sana, nilijiambia, hawapotezi kitu. Nilikosea. Mchango haupunguzi kodi yenyewe, unapunguza mapato yanayotozwa kodi, na tofauti hiyo ni kubwa mno.

Chukua mizigo inayosafirishwa kwa malipo ya kilo. Kabla mzigo wako haujapandishwa kwenye mizani, unatoa kilo kumi na kumgawia mtu. Utapunguziwa nauli ya kilo kumi, basi. Thamani ya ulivyogawa hakuna atakayekurudishia. Vivyo hivyo, kwa sheria za mwaka 2024, mtu ambaye kiwango chake cha juu cha kodi ni asilimia 24 akitoa dola 10,000, kodi yake inashuka kwa 2,400. Zile 7,600 zimemtoka kweli. Hata aliye kwenye kiwango cha juu kabisa cha asilimia 37 hapati faida.

Tena lipo sharti. Mlipakodi huamua ama kuorodhesha moja moja makato yake, yaani viasi vinavyoondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, ama kuchukua kato la jumla, ambalo mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na mwenzi. Kama mwaka huo hakuwa na riba ya mkopo wa nyumba wala kato jingine la maana, mchango wa 10,000 haukumpunguzia hata senti, maana haukufika hizo 14,600. Ndiyo sababu wapo wanaolimbikiza michango ya miaka miwili au mitatu na kuitoa kwa mkupuo ndani ya mwaka mmoja.

Kato la michango lipo Marekani tangu 1917. Linalonishangaza hadi leo ni linavyofanya kazi kwenye hisa.

Tuseme, kwa sheria hizohizo za 2024, mtu huyohuyo wa asilimia 24, anayeorodhesha makato, alinunua hisa kwa dola 2,000, akakaa nazo zaidi ya mwaka, na sasa zina thamani ya 10,000. Akiziuza, faida ya 8,000 inatozwa asilimia 15, yaani 1,200. Anabaki na 8,800 za kuchangia, na kato la 8,800 linamwokolea 2,112. Akizikabidhi hisa zenyewe kwa shirika, mambo yanageuka. Shirika halitozwi kodi likiziuza, kwa hiyo linapata 10,000 kamili. Yeye anapata kato la 10,000, linalomwokolea 2,400, na ile 1,200 hailipwi na mtu yeyote.

Rudi kwenye mizani uone ajabu yake. Ile faida ya 8,000 haikuwahi kupandishwa kwenye mizani, lakini inahesabiwa kana kwamba imeshushwa. Sheria inajua hilo, na huenda ndiyo maana imeweka breki: kato la hisa za namna hii lisizidi asilimia 30 ya mapato ya mwaka, wakati la pesa taslimu hufika 60. Kinachozidi husogezwa mbele hadi miaka mitano.

Hisa zilizoshuka bei hesabu yake ni kinyume. Ukizitoa kama zilivyo, hasara yako inapotea bure, maana kato linafuata bei ya leo. Hizo ziuze kwanza, dai hasara kwenye kodi yako, kisha toa pesa.