Attila ya mhusari wa Hungaria: namna ya kumjua aliyeivaa

Koti la gwaride la afisa wa wahusari, wapanda farasi wa Hungaria, huitwa attila: fupi, la kubana, lenye safu tano za vigwe vya zari kifuani. Kumtafuta mwenyewe, mimi huanza na rangi.

Mwaka 1914 jeshi la pamoja la Austria-Hungaria lilikuwa na rejimenti 16 za wahusari, zikitofautishwa kwa vitu vitatu tu. Attila ni buluu iliyokoza au samawati. Kofia yake, shako, ni nyeupe, nyekundu, ya rangi ya majivu, au buluu ya koti lenyewe. Vifungo ni vya rangi ya dhahabu au ya fedha. Zidisha mbili kwa nne kwa mbili: 16 kamili, hakuna mbili zinazofanana. Attila iliyokoza, shako nyeupe, vifungo vya dhahabu: Rejimenti ya 3. Vifungo vikiwa vya fedha, ni ya 9.

Shako ikipotea, unabaki na rejimenti nne mkononi. Ikiwepo na ni nyekundu, juu ya attila iliyokoza yenye vifungo vya dhahabu, usikimbilie kusema Rejimenti ya 8, kwa sababu wahusari wa Honvéd, jeshi la Hungaria yenyewe, walivaa hivyo hivyo. Tazama nembo ya shako: tai mwenye vichwa viwili ni jeshi la pamoja, ngao ya Hungaria ni Honvéd. Vifungo navyo vichunguze kwa nyuma. Uzi mpya maana yake vilibadilishwa, na ushahidi wake haufai.

Kolani, nyota moja ni luteni, mbili luteni wa kwanza, tatu kapteni. Ukishajua rejimenti na cheo, fungua Schematismus, orodha ya maafisa iliyochapishwa kila mwaka, kisha linganisha majina na mafaili ya utumishi yaliyoko Kriegsarchiv, hifadhi ya nyaraka za kijeshi iliyoko Vienna.

Kabla ya yote hayo, usifue! Lebo ya fundi ndani ya bitana huenda ina jina la mteja kwa wino, na maji hulifuta. Zari pia usiisugue: ni waya mwembamba wa fedha uliopakwa dhahabu, uliozungushwa kwenye uzi wa hariri, na dhahabu ikitoka hairudi. Attila usiitundike, uzito wa vigwe huchana mabega, ilaze. Ukiona nondo, ifunge kwenye plastiki isiyopitisha hewa, igandishe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu itoe na usiifungue mpaka zipite saa 24, la sivyo umande utaingia kwenye sufu.