Uwezo wa kuchanganyika katika mpunga chotara

Uwezo wa kuchanganyika ni sifa ya mzazi inayosomwa kwa watoto wake. Aina yenye mavuno makubwa ikipandwa peke yake huweza kuzaa machotara ya hovyo. Sprague na Tatum, waliokuwa wakishughulika na mahindi Marekani, waliugawa mwaka 1942 katika sehemu mbili: uwezo wa jumla, yaani wa mzazi katika machotara yake yote kwa wastani, na uwezo mahususi, yaani wa jozi moja ya wazazi.

Tuseme mistari (koo za mbegu) minne yenye utasa wa kiume, yaani isiyo na chavua hai, imechavushwa kwa warejeshi watano, yaani akina baba wanaotarajiwa kurejesha uzazi kwa watoto, yakapatikana machotara 20, na wastani wa jaribio lote ni tani 6.0 kwa hekta. Machotara matano ya mama wa kwanza yana wastani wa 6.5, hivyo uwezo wake wa jumla ni +0.5. Manne ya baba wa tatu yana 6.2, naye anapata +0.2. Chotara la wawili hao lilitarajiwa kutoa 6.7. Likitoa 7.4, ile 0.7 ya ziada ndiyo uwezo mahususi.

Uwezo wa jumla hutokana zaidi na jeni ambazo athari zake hujumlishana, na hizo hurithiwa, kwa hiyo mzazi huyo anafaa hata kwa kuzalisha aina za kawaida. Uwezo mahususi hutokana na jeni kutawala nyingine na mwingiliano wa jeni zilizo sehemu tofauti. Faida yake hupungua mkulima akirudia kupanda mbegu aliyovuna. Alama ya + au − nayo isomwe kulingana na sifa inayopimwa: kwenye siku za kuchanua, anayetaka mpunga wa muda mfupi hutafuta hasi.

Mapepe, yaani punje tupu, ndiyo yanayopotosha hesabu kuliko kitu kingine. Baba asiye na jeni za kurejesha uzazi huzaa chotara lenye masuke matupu, na jedwali litampa hasi kubwa ya mavuno ilhali kilichopimwa ni utasa. Chukua vifuko vya chavua kabla ua halijafunguka, vipasue kwenye tone la iodini ya asilimia 1, tazama kwa hadubini: chavua nzima huwa nyeusi na mviringo, tasa hubaki ya njano au iliyosinyaa. Ukitaka mavuno ya mama mwenyewe, ambaye hajizalishii punje, pima ya mstari mtunzaji wake, yaani pacha wake mwenye chavua hai anayetumika kumzalisha.

Wazazi wakiwa wachache hivi, au msimu ukiwa mmoja, matokeo yanawahusu wao na shamba hilo tu.