Mtetemo wa pikipiki kwenye usukani na futresti: ni kitu gani, unatoka wapi, unapunguzwaje

Umeendesha pikipiki ya silinda moja saa nzima bila kusimama, umeshuka, unataka kufungua kifungo cha koti, vidole havisikii, viganja vinawasha kama umeshikilia mzinga wa nyuki na nyayo nazo zimekufa ganzi. Huo ndio mtetemo tunaouongelea hapa, wengine wanaita vaibresheni, vijiweni utasikia tu "hii pikipiki inachoma mikono". Maana yake haina ugumu, ni kitu kinachokwenda na kurudi harakaharaka mahali palepale, na kina mambo mawili ya kuangalia, kinaenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde na kila mara kinahama kwa kiasi gani. Ukivichanganya hivyo viwili ndio unakuta mtu anahangaika kununua gripu (mipira ya kushikia usukani) za sponji wakati tatizo lake ni bolti.

Kipimo cha bure unacho tayari, kioo cha pembeni. Endesha kwenye lami nzuri, pandisha mwendo taratibu, angalia gari la nyuma yako kwenye kioo. Kuna mwendo utaona namba ya gari inasomeka vizuri, ukiongeza kidogo inakuwa ukungu, ukiongeza tena inarudi kusomeka. Ule mwendo wa ukungu uandike au uukariri, maana kazi yote inayofuata inaanzia hapo.

Sasa unatoka wapi. Chanzo kikubwa ni pistoni. Inapanda, inafika juu inasimama, inageuka, inashuka, inafika chini inasimama, inageuka tena, na kila ikigeuka inaivuta injini nzima iende nayo. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika hiyo ni safari 100 kwa kila sekunde moja, kwenda na kurudi. Watengenezaji wanajua, ndio maana kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, wanaweka uzito upande wa pili ili pistoni ikienda juu uzito uende chini vikabane nguvu. Shida ni kwamba uzito ule unazunguka duara zima, pistoni haizunguki, inapanda na kushuka tu, kwa hiyo pistoni ikiwa katikati ya safari yake uzito uko pembeni na hakuna wa kuubana, unaisukuma injini mbele na nyuma. Ukiweka uzito mkubwa wa kumaliza kabisa mtetemo wa juu-chini umeleta mwingine wa mbele-nyuma wenye nguvu ileile. Hivyo wanagawana, wanabana karibu nusu ya uzito wa pistoni au zaidi kidogo na mengine wanakuachia wewe dereva. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa ya kumaliza mtetemo wote wa silinda moja hakuelezi ukweli, unapunguzwa, unahamishwa, lakini uko kwenye umbo lenyewe la injini.

Na nguvu hii haikui sawasawa na mizunguko, mizunguko ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Ndio maana pikipiki imetulia kabisa kwenye 3000 ukifika 6000 inakuwa kama imekuwa pikipiki nyingine.

Viwandani wamepambana na hili kwa njia mbili hivi. Ya kwanza ni kuongeza shafti ndogo yenye uzito inayozunguka kinyume na krenki kwa mwendo uleule, inabana ule msukumo ambao krenki peke yake imeshindwa. Royal Enfield kwenye injini yao mpya ya 350, ile iliyoanza na Meteor mwaka 2020, wameiweka, na aliyewahi kuendesha 350 ya zamani halafu akapanda hii anaelewa tofauti bila kuelezwa. Njia ya pili ni kuiacha injini itetemeke inavyotaka ila kuitenga na dereva kwa mipira, kama Norton Commando ya Uingereza mwaka 1967, injini na giaboksi na mkono wa tairi la nyuma vyote vimening'inizwa kwenye mipira. Pikipiki zetu nyingi za kazi injini imefungwa chuma kwa chuma kwenye chasesi, na zile za aina ya CG, yaani muundo wa Honda CG125, ukichungulia chini utakuta lile bomba la futresti, la kuwekea miguu, limefungwa kwa bolti nne chini kabisa ya injini yenyewe. Yaani mguu wako na injini vimetenganishwa na ule mpira wa kukanyagia tu. Mpira ukiwa umekauka kwa jua na oili, mgumu kama kwato, hakuna tena cha kutenganisha.

Kuna jambo moja hapa katikati ambalo watu wengi hawalijui na ndilo linaloeleza kwa nini usukani unachoma kwenye mwendo fulani tu. Umeshapanda daladala kuukuu, imesimama kituoni injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, vioo vyote vinagonga kra-kra-kra mpaka unashindwa kuongea na simu, dereva akikanyaga mafuta vioo vinanyamaza? Injini haijapungua nguvu, imeongeza. Ila kila kitu, kioo, bomba, nondo, kina mtetemo wake wa asili, ukikigonga kinalia kwa sauti yake hiyohiyo kila siku. Injini ikigonga kwa kasi inayolingana na ile ya asili, kila pigo linamkuta mwenzake njiani linamuongezea, na kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Usukani wa pikipiki ni bomba refu limeshikwa katikati, ncha zote mbili zinaelea, kwa hiyo nao una kasi yake ya kulia. Ule mwendo wa ukungu kwenye kioo mara nyingi ndio hapo injini na usukani vimekutana.

Na hapo ndio utaelewa kazi ya vile vyuma vya mwisho wa usukani ambavyo vijana wengi wanavitoa wakidhani ni urembo. Uzito mwishoni mwa bomba unashusha kasi yake ya asili, unaifanya ncha iwe nzito kuhama, kwa hiyo ukungu unahamia kwenye mizunguko mingine. Wanaofanya wenyewe wanaweka kati ya gramu 100 na 300 hivi kila upande. Wengine wanajaza ndani ya bomba chubwi za risasi za nyavu za uvuvi na kuzimwagia silikoni ishike, inafanya kazi vizuri ila risasi ni sumu, nawa mikono na usiiyeyushe jikoni. Kuna wanaochomeka kipande cha nondo tu ndani, hii nimeiona mara nyingi, nondo isiyobana inagonga kuta za bomba na unakuwa umeongeza mtetemo juu ya mtetemo. Na upande wa moto, ule wa kuongezea mafuta, acha nafasi ya milimita moja au mbili kati ya uzito na mpira wa kuzungushia, ukibana pale moto utagoma kurudi na hiyo ni ajali.

Lakini kabla ya uzito, kabla ya gripu, tafuta kwanza mtetemo ni wa injini au wa magurudumu. Hili nalisisitiza sana. Ukiwa kwenye ule mwendo wa ukungu, barabara ikiwa tupu, vuta klachi uachie moto, injini ishuke sailensa huku pikipiki inaserereka yenyewe. Mtetemo ukikata palepale ni injini. Ukibaki na kupungua taratibu pamoja na mwendo ni gurudumu, rimu, beringi au cheni. Hata mkono unaweza kutofautisha ukishazoea, tairi la pikipiki ndogo mzunguko wake ni kama mita 1.8, kwa hiyo kwenye kilomita 70 kwa saa linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, utasikia kudunda, unaweza karibu kuhesabu. Ya injini ni mara 100, huwezi kuhesabu, inawasha tu.

Ikiwa ni gurudumu inua tairi juu, lizungushe, weka kidole kwenye foku kikaribie rimu uone kama rimu inakuja na kukimbia, gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Cheni ipime sehemu zaidi ya moja maana cheni iliyochoka inakaza upande mmoja na kulegea mwingine, kwa pikipiki nyingi ndogo icheze kama sentimita mbili hadi tatu pale katikati. Tairi lenye upepo mwingi kupita kiasi nalo linapeleka kila kokoto mkononi.

Ikiwa ni injini, anza na bolti za kuifunga kwenye chasesi. Hapa naongea kwa maumivu kwa sababu niliwahi kupeleka pikipiki kubadilishiwa pistoni na ringi, nikarudishiwa inawaka vizuri kabisa, siku mbili baadaye nikaenda nayo Morogoro kutokea Dar. Mpaka Mlandizi nikadhani ni injini mpya bado haijazoea. Nafika Chalinze nasimama kunywa chai, kikombe nimekishika kwa mikono miwili kama mtoto, kidole kidogo na cha pembeni yake sivisikii kabisa. Nikaanza kukagua. Bolti ya juu, ile inayoshika kichwa cha injini na chasesi, nati yake ilikuwa inazunguka kwa vidole, imefungwa siku ile ya kazi na haikukazwa. Nikaazima spana namba 14 kwa jamaa wa bodaboda pale kituoni, dakika mbili. Ile safari iliyobaki ilikuwa ya pikipiki tofauti.

Namna ya kuzikaza pia ina utaratibu. Usichukue moja ukaikaza mpaka mwisho ukaenda nyingine. Legeza zote kidogo, itikise injini kwa mkono ikae inapotaka kukaa yenyewe bila kuvutwa na bolti yoyote, halafu kaza kidogo kidogo ukizunguka zote, mwisho ndio unakazia. Injini iliyofungwa huku imevutwa upande inapeleka mtetemo wote kwenye chasesi hata kama kila nati imekazwa. Kagua na bomba la ekzosi, likifungwa kwa kulazimishwa ni hivyohivyo, halafu vishikio vya usukani na bolti za futresti. Injini inayokosakosa kuwaka, plagi chafu, kabureta imeziba, nayo inatikisa, lakini hiyo utaisikia kwa sauti kabla ya mkono.

Hapo ndio uje kwenye mipira. Mipira mipya ya futresti bei yake ni ndogo na kwa maoni yangu ndiyo pesa inayorudi haraka kuliko yoyote. Gripu nene laini zinasaidia ila nene kupita kiasi zinakufanya ukabe zaidi, na kukaba ndiko kunakopeleka mtetemo ndani ya mkono. Bana tangi kwa magoti, achia mabega, shika usukani kama umeshika yai.

Kwa wanaosafiri mbali kuna sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni. Ya mbele ikiwa na meno 14 ukaweka 15, mwendo uleule uliokuwa unataka mizunguko 6000 sasa unataka 5600, na kwa ile hesabu ya mara nne nguvu ya kutikisa inapungua kama asilimia 13. Unalipia kwenye kuvuta, kwa hiyo kwa bodaboda wa milima ya Lushoto au mtu anayebeba mizigo simshauri.

Mbona nakomaa hivi na kitu ambacho wengi wanakiona cha kawaida? Kwa sababu ganzi ya dakika kumi na ganzi ya miaka kumi hazifanani. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Indiana kwa wachonga mawe waliokuwa wanatumia nyundo za upepo, akakuta vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi, mishipa ya damu imejibana. Ulaya leo kuna sheria, ya mwaka 2002, mwajiri anatakiwa kuchukua hatua mtetemo wa mkononi ukifika 2.5 na haruhusiwi kuvuka 5, kwa mita kwa sekunde mraba, ukipimwa kwa siku ya saa nane. Kijana wa bodaboda anakaa juu ya pikipiki kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, na hana mwajiri wa kumpimia. Ukiona ganzi ya kidole kidogo na cha pete haiishi hata siku ya mapumziko, huo ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo, ikiwa ni dole gumba, cha shahada na cha kati ni mshipa mwingine unaopita katikati ya kifundo cha mkono, kwa vyovyote nenda hospitali usisubiri.

Na simu pia. Apple mwaka 2021 walitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera ya iPhone ikifungwa kwenye usukani, na kwa pikipiki ndogo wakashauri kishikio chenye mpira. Kamera za sasa nyingi zina lenzi inayoelea ndani, kwa hiyo unayeendesha kwa ramani siku nzima, hili linakuhusu.

Ukifanya badiliko lolote fanya moja tu kwa wakati, halafu rudi barabara ileile, mwendo uleule ulioukariri, uangalie kioo. Mimi baada ya kukaza ile bolti nilikuwa nasoma namba za malori nyuma yangu mpaka Mikese.