Je, wajua kwa nini upinde wenye waya mmoja ndio unaotawala kapoeira?

Mgeni akifika kwenye duara la kapoeira, mchezo wa mapigano wa Brazili unaochezwa kwa muziki, huwatazama wale wawili wanaorushiana mateke katikati. Wenyeji hutazama kwanza pembeni, kwa mpiga berimbau, yaani upinde huo wa waya mmoja. Wachezaji huchuchumaa miguuni pake kabla ya kuanza, husubiri ruhusa yake, na kasi ya mchezo ni ile anayoitaka yeye. Akiushusha upinde kati yao, mchezo umekwisha, na teke lililokuwa njiani hukatishwa. Mamlaka yote hayo kayapata wapi mtu mwenye fimbo, kibuyu na waya mmoja?

Jibu linalosimuliwa kila mahali ni tamu: watumwa wa Brazili walikatazwa kujifunza kupigana, basi wakaongeza muziki ili bwana akipita adhani wanacheza ngoma tu. Kwa simulizi hii, berimbau ni pazia. Shida ni kwamba ushahidi uliopo hauiungi mkono.

Kwanza, ngoma yenyewe haikuwa kificho salama. Mikusanyiko ya ngoma za Waafrika, iliyoitwa batuque, ilipigwa marufuku mara kwa mara katika miji ya Brazili, na polisi waliivunja. Kuficha kosa moja nyuma ya kosa jingine ni ujanja wa ajabu kidogo. Pili, mwaka 1835 mchoraji Mjerumani Johann Moritz Rugendas alichapisha picha ya wanaume wawili wakikabiliana, watu wamewazunguka, mmoja ameikalia ngoma akiipiga. Picha hiyo aliipa jina la kucheza kapoeira, au ngoma ya vita. Kama lilikuwa pazia, basi mgeni kutoka Ulaya alikwisha kulifunua. Tatu, polisi wa Rio de Janeiro walikuwa wakiwakamata watu kwa kosa la kapoeira tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na magenge ya Nagoas na Guaiamuns yaliyogombea mitaa ya mji huo yalijulikana kwa nyembe, si kwa nyimbo. Sheria ya adhabu ya 1890, iliyotungwa miaka miwili tu baada ya utumwa kufutwa, ilitenga kifungu cha 402 kwa ajili ya kapoeira na kuweka kifungo cha miezi miwili hadi sita. Waliotunga kifungu hicho hawakudhani wanatazama ngoma.

Tena kwenye picha ya Rugendas berimbau haimo. Imo kwenye mchoro wa Mfaransa Jean-Baptiste Debret, aliyekuwa Rio miaka ileile, lakini pale inapigwa na mzee mwanamuziki wa mtaani, na hakuna anayepigana. Vitu hivi viwili viliishi mji mmoja bila kuoana. Ndoa yao ilikuja kushika katika jimbo la Bahia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imekomaa. Hata waya wenyewe unalisema hilo: siku hizi huchunwa ndani ya tairi la gari, na magari hayakuwapo zama za watumwa.

Tusiivuke mipaka lakini. Kumbukumbu zilizobaki ni za polisi wa mijini zaidi. Mashambani hakukuwa na wa kuandika yaliyofanywa usiku. Na wazee wa Salvador, mji mkuu wa Bahia, wanasimulia kwamba mdundo uitwao Cavalaria, unaoiga kwato za farasi, ulipigwa kuwaonya wachezaji kwamba polisi wapanda farasi wanakuja. Hilo linaaminika, ila hiyo ni king'ora. Kazi ya king'ora ni watu watawanyike, si waendelee kujifanya wanacheza.

Tukirudi kwenye mamlaka, jibu limo ndani ya chombo chenyewe. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hubeba uzito wote, kwa kupita chini ya kamba inayofunga kibuyu kwenye upinde. Kidole gumba na cha shahada hushika jiwe au sarafu. Mkono wa kulia una kijiti pamoja na kikapu kidogo chenye mbegu ndani. Waya ukipigwa ukiwa huru hutoa sauti ya chini. Jiwe likiukandamiza, sehemu inayotetemeka hufupika na sauti hupanda kidogo tu. Jiwe likiugusa bila kukandamiza, waya hukwaruza. Sauti tatu basi, na hapo mtu angedhani hazina imekwisha.

Kumbe bado kibuyu. Mdomo wake uliokatwa huelekea tumboni mwa mpigaji, naye huusogeza na kuuondoa. Sema "aaa" kwa sauti moja, kisha funga midomo polepole hadi iwe "uuu". Koo halijabadilisha chochote. Kilichobadilika ni upana wa mlango wa kutokea, na masikio yamesikia herufi mbili tofauti. Kibuyu hufanya hivyohivyo: kikigusa tumbo mlango unabanwa, hewa iliyomo ndani huitikia zaidi sehemu za chini za sauti, na mlio unafumba; kikiachia, unafumbuka. Waya mmoja unapata irabu. Ndiyo maana, hata kwenye kelele za makofi na matari, mpigaji anasikika kama mtu anayesema jambo.

Wasomaji wa Rwanda na Burundi watakuwa wameshaitambua picha hii. Umuduri, ala yao ya muziki, una upinde uleule, kibuyu kilekile kifuani, na mkono wa kijiti unashika pia kayamba iitwayo inzebe. Ufanano huo haupaswi kusomwa kama hati ya uzazi, kwa kuwa Waafrika wengi waliopelekwa Brazili walitoka upande wa Angola na Kongo, na Angola ina upinde wake wa namna hiyo, uitwao hungu. Ni ukoo mpana.

Amri zenyewe ni midundo. Ule uitwao Angola huwashusha wachezaji chini, taratibu, kwa hila. São Bento Grande huwainua na kuwakimbiza. Mestre (yaani mwalimu) Bimba, aliyefungua shule yake Salvador mwaka 1932, aliridhika na berimbau moja na matari mawili. Wafuasi wa Mestre Pastinha hutumia tatu: gunga yenye sauti nzito, ya kati, na viola nyembamba inayopambapamba. Mara nyingi gunga hupiga Angola huku ya kati ikijibu kwa São Bento Pequeno, ambao ni mdundo uleule kinyume, sauti ya juu ikikaa mahali pa ya chini. Mchezaji husikia amri na kinyume chake kwa wakati mmoja. Anayetiiwa ni gunga.