Kuwasha gari la kikosi dakika tano si kulitunza

Mwaka 2013, kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, wanajeshi wetu wa Tanzania walikwenda mashariki mwa Kongo pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Kikosi kikisafiri namna hiyo, wananchi huona ndege na bendera. Hawaoni kinachobaki kambini: malori, jenereta, matrela ya maji, na askari wachache walioachiwa funguo.

Hao wachache wana mazoea ambayo sisi tunaofundisha mafundi hukutana nayo kila mara. Jumatatu asubuhi wanapiga stata, gari linanguruma dakika tano, linazimwa, daftari linatiwa tiki. Heri wasingeligusa. Injini ikiunguza mafuta hutoa mvuke wa maji, na isipopata moto wa kutosha mvuke huo hugeuka maji ndani na kuchanganyika na oili. Umeme uliotumika kupiga stata nao haurudi wote kwa dakika tano za sailensa, yaani injini ikinguruma taratibu gari likiwa limesimama. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikipumzika, ikifika 12.2 imebaki kama nusu, na ikiachwa hivyo sahani zake za risasi huota ukoko ambao chaji haiuondoi.

Litembezwe nusu saa au zaidi. Lipande kilima (Mwanza havikosekani), breki zikanyagwe, gia zote zipite. Kama haiwezekani, lisiwashwe kabisa: chomoa waya hasi wa betri na uliweke juu ya stendi ili matairi yasikae upande mmoja.

Kando ya ziwa unyevu ndio adui mkubwa. Tangi lenye dizeli nusu huvuta hewa mbichi usiku. Maji hutuama chini, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, na humo huota vijidudu vinavyoziba filta. Jaza tangi hadi juu, na umwage maji ya filta mara kwa mara. Wavuvi wa dagaa wa Kirumba, ambao hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, wanalijua hili la injini iliyolala.

Bomba la moshi lizibwe, maana dondora hujenga humo. Tumia kitambaa chekundu kinachoning'inia, asije mtu akawasha bila kukiona.

Daftari nalo liandikwe volti na kilomita badala ya tiki. Kamanda akirudi, atasoma hizo kilomita kabla hajasikiliza maelezo ya mtu.