Ekzosi ya injini ya boti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akisikia kuna fundi wa injini za boti Dodoma, swali la kwanza ni boti zenyewe zinaelea wapi. Zinaelea Mtera, kwenye bwawa la Mto Ruaha Mkuu, kwenye njia ya kwenda Iringa. Injini ninazoletewa kutoka huko ni zile za petroli zinazofungwa nyuma ya boti, nyingi za silinda mbili, za kuchanganya oili na petroli. Karibu kila inayokuja na ekzosi mbovu imeshaguswa na mtu aliyeambiwa jambo lisilo kweli. Nayaandika ninayoyasikia zaidi, kwa sababu injini ikizima katikati ya bwawa upepo umeshaanza, aliyemo ndani ya boti ni mtu wangu.

“Ekzosi ni bomba la moshi tu, kama la pikipiki”

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Ekzosi ya pikipiki inapozwa na upepo. Ya boti imefichwa ndani ya injini, na imezungukwa na maji. Fungua ubavuni pa silinda: kuna kifuniko cha nje, chini yake bamba jembamba la ndani, na gasketi, yaani karatasi ngumu ya kuzibia maungio, kila upande wa bamba. Upande mmoja wa bamba unapita moshi wenye joto la mamia ya nyuzi, upande wa pili yanapita maji ya bwawa. Bamba hilo ni alumini, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo maji hayo ndiyo yanayoiweka hai. Moshi ukishuka kwenye mguu wa injini, ile sehemu inayozama majini, unakutana na maji yaliyomaliza kazi ya kupooza, na kwenye injini nyingi vyote viwili vinatokea katikati ya propela.

Ukishaelewa hivyo, unaelewa kwa nini tundu dogo kama la sindano kwenye bamba lile ni msiba. Maji yanahamia upande wa moshi, na kutoka hapo yanapata njia ya kurudi silindani. Mzee mmoja aliniletea injini isiyotaka kuwaka asubuhi. Nikatoa plagi mbili, zile za kutoa cheche silindani, nikaziweka juu ya kitambaa. Ya juu nyeusi, imelowa oili kidogo, kama inavyotakiwa kwa injini ya aina ile. Ya chini nyeupe, safi kama kijiko kilichotoka kuoshwa.

“Mwanangu, hii ya chini ndiyo nzima,” akaniambia.

“Hapana, mzee wangu. Hii inaoshwa na mvuke.”

Tulipofungua kifuniko, bamba lilikuwa limejaa unga mweupe, na nilipolikwangua kwa ncha ya bisibisi likatoboka hapo hapo. Plagi moja ikiwa safi kupita mwenzake, usifurahi. Na moshi mweupe wa dakika za kwanza si tatizo, ila ukiendelea injini ikiwa imeshapata moto, kuna maji yanaingia pasipotakiwa.

“Maji ya Mtera hayana chumvi, hayali chuma”

Yanakula, polepole. Alumini ya injini, chuma cha pua cha bolti na maji katikati yao vinatengeneza betri ndogo, na kinacholiwa ni alumini. Ndiyo maana injini ina vipande vya anodi, madini yanayoliwa upesi, yanayowekwa ili yaliwe kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoumia: spea zetu zinatoka Dar es Salaam, na duka la pwani linakuuzia anodi ya zinki kwa sababu wateja wake wako baharini. Kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Kwa bwawa, omba ya magnesiamu. Wala usiipake rangi, maana ukiipaka umeifunga mdomo.

Wapo pia wanaosuuza injini wakirudi mjini, jambo zuri, lakini kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Dodoma vina maji magumu, yenye ladha ya chumvi, na yakikauka huacha magaga kwenye mifereji kama yale yaliyoko ndani ya birika lako la chai. Sasa msikilize anayekushauri uondoe magaga kwa asidi ya betri au magadi ya kuzibulia choo. Vyote viwili vinakula alumini, tena magadi ndiyo kwa fujo. Siki inatosha, loweka, subiri, suuza sana.

“Peleka kwa fundi wa kuchomelea, anaziba”

Nawaheshimu mafundi wa mageti na madirisha. Mashine zao na fimbo zao ni za chuma, na hii ni alumini. Chuma kinakuonya kwa kuwa chekundu kabla hakijayeyuka. Alumini haibadiliki rangi, unaitazama imetulia, ghafla inadondoka chini kama uji. Juu yake kuna utando wa oksidi usioyeyuka mpaka nyuzi 2,000 na zaidi, ndiyo maana kiraka kinaonekana kimeshika kumbe kimelala tu juu.

Msimamo wangu ni huu. Kifuniko cha nje kilichopasuka kinaweza kuchomelewa, kwa mashine ya gesi ya agoni na mtu anayeijua alumini. Vivyo hivyo mguu uliogonga kisiki, na visiki vya miti iliyozamishwa na bwawa Mtera ni vingi. Bamba la ndani halirekebishwi, linabadilishwa. Ni jembamba, na joto la kuchomelea litalipinda hata kama tundu litaziba.

Kifuniko kikirudi kutoka kuchomelewa, usikifunge kabla ya kukipima. Laza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, kisugue kifuniko juu yake taratibu kwa kuzungusha, kisha kigeuze. Panapong'aa pamegusa. Panapobaki giza ni bonde, na gasketi haitaziba bonde.

“Gasketi ya nini, silikoni ipo”

Silikoni ikibanwa inatoka pembeni, na pembeni ndiko iliko mifereji ya maji. Unaziba uvujaji mmoja na kuua upoozaji wote. Gasketi mpya, sehemu kavu na safi, basi.

“Inakojoa vizuri, kwa hiyo inapoa”

Mkojo ule, yaani maji yanayoruka nyuma ya injini, unakuambia jambo moja tu: pampu inasukuma. Hauoni mfereji uliozibwa na tope ubavuni mwa ekzosi. Na mara nyingi kilichoziba si tope, ni mpira. Mtu anawasha injini kavu, “sekunde chache tu nisikie mlio”, na impela ya mpira, gurudumu dogo la mabawa linalosukuma maji ndani ya pampu, inaungua na kukatika mabawa. Anaweka mpya, maji yanatoka, anashukuru Mungu. Vile vipande vimeshapanda juu na kukaa. Ukikuta impela imekosa mabawa mawili, yatafute yote mawili kabla hujafunga injini.

Bolti za kifuniko cha ekzosi zikigoma, usiongeze bomba kwenye mkono wa spana. Zipashe moto kiasi, tia mafuta ya kulainisha, gonga kichwa taratibu, subiri hata mpaka kesho. Ukirudishia, anza kukaza za katikati ukienda nje, kwa awamu. Na oili: kuzidisha kwenye petroli “ili injini idumu” kunajaza kaboni kwenye milango ya moshi. Shika kipimo cha kitabu cha injini yako.

“Harufu ya moshi ndiyo hatari”

Kinachoua kwenye moshi wa petroli ni kaboni monoksaidi, na haina harufu wala rangi. Dodoma upepo wa Juni na Julai ni mkali na una vumbi, tunashawishika kufunga milango ya karakana na kujaribia injini ndani. Tafadhali msifanye hivyo, hata kwa dakika tano. Na kwenye boti yenye turubai, moshi wa nyuma huweza kuvutwa ukarudi chini ya turubai. Abiria anayelalamika kichwa kinamuuma na kusikia kichefuchefu mtoeni kwenye hewa kwanza, maswali baadaye.

Mimi najaribia nje, kwenye pipa la lita 200, propela ikiwa imetolewa na maji yakiwa juu ya matundu ambayo injini inavutia maji. Inanguruma dakika kumi, nabadilisha maji yakipata moto. Kisha nanyunyiza matone machache kwenye kichwa cha silinda na kwenye kifuniko cha ekzosi. Yakitiririka na kukauka taratibu, mzigo unarudi Mtera. Yakichemka na kulia tss, nazima na kufungua upya.