Gari na Dereva Unguja: Yanayosemwa Dar na Yalivyo Kweli

Ikikaribia Idi, Krismasi au likizo ya shule, watu wengi wa Dar es Salaam wanataka kuvuka kwenda Unguja. Familia zinachanga, akina dada wa kikoba wanapanga safari yao, mwingine ana wageni kutoka Mwanza au Ujerumani na anataka wakaone kisiwa. Habari za boti zinajulikana. Kinachowachanganya watu ni gari la upande wa pili: wamkodi nani, kwa siku ngapi, na hiyo bei ni ya nini hasa. Yanayosemwa vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp yanapotosha, na matokeo yake ni siku iliyoharibika kwa abiria na kwa dereva pia. Kwa ninavyoona, makosa mengi yanatoka sehemu moja: watu wanahesabu gari, hawahesabu saa.

"Kisiwa chenyewe kidogo, siku moja tunakimaliza"

Hii ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko zote. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi. Kutoka Mjini, yaani Zanzibar mjini, hadi Nungwi kule ncha ya kaskazini ni kama kilomita 60, na barabara inapita katikati ya vijiji, shule na madrasa, watoto wanavuka, ng'ombe wanavuka. Dereva mwenye akili hakimbizi gari hapo. Hesabu saa moja na nusu. Kwenda Paje nako utatumia zaidi ya saa moja.

Halafu kuna jambo ambalo ramani ya simu haikuambii mpaka ubonyeze njia. Hakuna barabara inayofuata ufukwe na kukizunguka kisiwa chote. Simama Chwaka utazame ng'ambo ya ghuba, Michamvi unaiona kwa macho. Lakini kwa gari lazima urudi ndani ya kisiwa, upite msitu wa Jozani, utokee Paje, ndipo upande tena kupitia Bwejuu hadi Michamvi. Mtu aliyepanga "Chwaka halafu Michamvi, ni jirani tu" anashangaa asubuhi yote imeishia barabarani, na lawama zinamwangukia dereva.

Sasa ongeza boti. Ukivuka na ya saa moja asubuhi, safari ni kama saa mbili. Ukishuka Malindi, bandari ya Mjini, ukatoka getini na kumpata dereva wako, imekaribia saa tatu na nusu. Kama unarudi siku hiyo hiyo na boti ya alasiri, lazima uwe bandarini mapema kabla geti halijafungwa. Ulichobaki nacho ni saa tano, pengine pungufu. Ndani ya saa hizo tano watu wanaorodhesha shamba la viungo, Jozani, Kizimkazi, Paje na machweo ya Nungwi. Dereva akikubali orodha hiyo bila kusema neno, ama hajakusikiliza, ama anataka pesa yako tu.

Siku moja chukua upande mmoja. Kaskazini ya Mjini pekee inatosha: magofu ya kasri la Maruhubi, lililokuwa la Sultani Seyyid Barghash na likaungua mwaka 1899; hamamu (bafu la kifalme) ya Kidichi, iliyojengwa 1850 enzi za Sultani Seyyid Said; shamba la viungo Kizimbani; kisha Mangapwani kwenye chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa. Hiyo ni siku kamili, na watoto hawatachoka. Kusini ni siku nyingine: Kizimkazi, ambako msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 1107, kisha msitu wa Jozani wenye kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, halafu Paje. Wa siku moja achague. Anayetaka vyote alale huko.

"Bahari ipo tu, tukifika tunaogelea"

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba kule nje na maji ya kina kifupi huku ndani. Maji yakipwa, bahari inajivuta mbali kabisa. Unabaki na mchanga, nyasi za bahari, na akina mama wameinama kwenye vigingi na kamba za mwani wao. Pazuri kutembea, lakini pa kuogelea hapana. Nimesikia watu wakisema dereva aliwapeleka "ufukwe mbovu", kumbe ufukwe ni ule ule, saa ndiyo haikuwa yake.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo kwa kawaida maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, nyakati husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo kabla ya kupanga njia, muulize dereva swali moja: "Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Mzaliwa wa huko atakujibu hapo hapo, au atampigia mvuvi mmoja na kukurudia. Ukiona hajali swali lenyewe, hapo umeshamjua dereva wako.

Kwa anayetaka kuogelea bila kuangalia saa, Kendwa na Nungwi ndiko maji hayaendi mbali. Na wale wanaotaka kupiga picha kwenye mkahawa wa juu ya mwamba kule Pingwe wajue kwamba maji yakipwa unauendea kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti.

"Tumeshakubaliana bei, yamekwisha"

Bei ya nini? Hapa ndipo ugomvi wa jioni unapoanzia. Mmoja anatajiwa bei ya kupelekwa Nungwi na kuachwa, mwenzake anatajiwa bei ya siku nzima, wanakutana kijiweni na kusema mmoja wao kaibiwa. Hakuna aliyeibiwa, walinunua vitu viwili tofauti. Gari na dereva ni kitu kimoja. Mafuta yanaweza kuwa ndani ya bei au yakawa juu yako. Kiingilio cha Jozani, ada ya shamba la viungo na boti ya kwenda kuona pomboo kwa kawaida havimo. Saa za ziada kila mtu ana hesabu yake.

Dawa yake ni ujumbe mmoja wa maandishi, utumwe mapema, ukiwa na kila kitu ndani. Mimi huwashauri watu waandike hivi:

"Asalam alaykum shekhe. Tuko watu wazima 4 na watoto 2, mabegi manne. Jumamosi tunashuka na boti inayotoka Dar saa moja asubuhi. Utuchukue bandarini, tupite Kidichi, Kizimbani shamba la viungo na Mangapwani, kisha utushushe hoteli Nungwi kabla ya magharibi. Hapo umemaliza, haturudi nawe. Naomba bei ya gari pamoja na mafuta, na nikizidisha saa ni kiasi gani. Nitumie na picha ya gari lenyewe, nje na ndani."

Akijibu ndiyo kwa maandishi, mmeshaelewana, na ikitokea tofauti mnarudi kwenye ujumbe bila kupandishiana sauti. Picha ya gari muhimu. Noah ya watu saba ikishajazwa watu saba, mabegi hayana pa kukaa. Kiyoyozi nacho uulize kama kinafanya kazi, maana Januari ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya vumbi si mahali pa kumweka mtoto mchanga wala bibi.

Malipo ya awali ni kawaida, hasa sikukuu, kwa sababu dereva akikuwekea siku amewakataa wengine. Lakini kiasi kidogo kinatosha. Anayetaka utume pesa yote kabla hujamwona wala hujaliona gari, tafuta mwingine. Na raia, bebeni vitambulisho. Nauli ya boti na viingilio vya sehemu nyingi havilingani kwa raia na kwa mgeni, na mtu hawezi kukuamini kwa lafudhi tu.

"Ukishuka bandarini utapata bei nafuu kuliko ya kwenye simu"

Ukishuka Malindi utakutana na wanaokuchangamkia, wengine wakishika begi kabla hujasema kitu. Mjini wanawaita papasi. Wapo waungwana kati yao, nisiwaseme wote vibaya. Ila elewa mtiririko wa pesa: unayepatana naye si mwenye gari wala si dereva. Anachukua chake juu, anampa dereva kilichobaki, na ahadi alizokupa za "tutapita na Jozani" dereva hakuzisikia. Njiani unaanza kudai, naye anashangaa. Kama ni lazima upatane papo hapo, sema utamlipa dereva mwenyewe, na njia nzima irudiwe mbele yake kabla ya mlango kufungwa.

"Dereva atatueleza historia yote"

Wengine wanaweza, na vizuri sana. Lakini kuongoza watalii Zanzibar ni kazi yenye leseni yake, na dereva wako huenda hana. Ndani ya Jozani utatembezwa na mwongozaji wa hifadhi. Shambani kuna vijana wa shamba wanaokukatia mdalasini unuse na kukupandia mnazi. Mji Mkongwe wenyewe, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, hautembelewi kwa gari hata kidogo: vichochoro vyake vingi havipitishi gari. Siku ya Mji Mkongwe ni ya miguu na mwongozaji, kuanzia Ngome Kongwe hadi Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873. Kulipia gari lisimame Forodhani siku nzima ni kupoteza pesa.

Anachokijua dereva ni kingine, na kwangu mimi kina thamani kubwa zaidi: njia gani imeharibika na mvua, mama gani anauza urojo mzuri, ufukwe upi leo una watu wachache, na saa ngapi mgeuze gari msiikose boti.

"Dereva kazi yake kusubiri, yeye yupo tu"

Hapa naomba tusikilizane. Anayekupeleka Kizimkazi kuwahi pomboo asubuhi ameamka kabla ya adhana ya alfajiri, ameosha gari gizani na kuendesha hadi hotelini kwako. Ukichelewa saa nzima kwa sababu ya kujipodoa, saa hiyo itakatwa kwenye usingizi wake wa kesho. Mkikaa mezani mchana, muulize amekula nini. Kama hamli naye, mpe nafasi na muda wa kwenda kula. Ijumaa adhuhuri mwachie aende kuswali, ni chini ya saa moja, panga chakula chako hapo.

Ramadhani ndiyo inahitaji busara zaidi. Mchana sehemu nyingi za kula vijijini zimefungwa, na kula hadharani barabarani ni kuwakosea watu adabu. Dereva amefunga, anaendesha kwenye jua. Usipange mkaone machweo Nungwi kisha mrudi Mjini, maana magharibi itamkuta usukani bila hata tende. Maliza safari alasiri, au beba maji na tende, mwambie asimame pembeni afuturu kwanza. Na mwezi wowote ule, safari ya usiku baada ya kazi ya muda wa saa kumi na mbili usimlazimishe. Mchovu ni yeye, lakini mtakaokuwa ndani ya gari ni nyote.

Bakshishi si lazima. Ukitaka kutoa, mpe mkononi mwake, si kupitia dalali.

Madogo madogo

Kuvuka na gari lako kutoka Dar: boti za kasi hazibebi magari. Gari huvuka kwa meli za mizigo na magari, na bandarini kuna taratibu zake pande zote mbili. Kwa siku mbili tatu, usumbufu wake haulipi.

Wageni wenu kutoka nje wanadhani ile bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, iliyoanza Oktoba 2024, inahusu na gari la kukodi. Ile ni bima ya msafiri mwenyewe. Bima ya gari muulize mwenye gari, na mwombe akuonyeshe.

Kwenda visiwa vidogo vya Bongoyo na Mbudya hapa Dar, au Changuu kule Unguja, unahitaji boti tu. Gari linaishia ufukweni.

Na si kila mtu anahitaji kukodi. Kwa familia ya watu sita wenye mabegi, gari la siku nzima mara nyingi linashinda teksi za vipande vipande. Lakini kijana aliye peke yake na begi la mgongoni asione aibu: daladala namba 116 inakwenda Nungwi, 309 inakwenda Jambiani, na humo ndani utaongea na watu zaidi ya unavyoweza kuongea kwenye kiti cha nyuma cha Noah. Gari alichukue siku moja tu, ile ya kwenda Kizimkazi alfajiri.